Kikohozi Kilipokoma

Mwezi wa saba Madimba, mkoani Mtwara, huhitaji kuambiwa kuwa salfa imeingia. Kabla jua halijachomoza, umande ukiwa bado juu ya majani, injini za kupulizia zinaanza kunguruma mashambani, na wingu la unga wa manjano linapanda kwenye mikorosho hadi vileleni. Bila salfa ukungu wa ubwiriunga hula maua, na mwaka huo mtu anakaa bila korosho. Kwa hiyo jirani anayepuliza halaumiwi. Mwenye pua anajifunga kitambaa usoni, anapiga chafya mbili tatu, anakwenda kuoga, yameisha.

Mzee wa kisa hiki pua alikuwa nayo, ila hewa yake haikuwa inapita huko tena. Ilipita shingoni, kwenye tundu lililotobolewa chini ya koromeo na kuwekewa bomba la plastiki lenye unene wa kidole cha mwisho. Madaktari wanaliita bomba la trakeostomi. Pale nyumbani waliliita “bomba la mjomba”, na katika kijiji chenye kiwanda cha gesi utani wa mabomba haukosekani. Mzee mwenyewe hayupo. Nimemtunga, yeye na jamaa zake wote. Yaliyompata ndiyo sikuyatunga. Yanawapata watu wenye mabomba hayo kila mahali, na mengi yanatokea nyumbani, mbali na nesi.

Alivuta sigara tangu ujana. Sauti ilipoanza kukwaruza alikunywa dawa za kikohozi, akanywa tangawizi na asali, akaambiwa ni vumbi la barabara ya Msimbati, akakubali. Kumbe ilikuwa saratani ya koromeo, nayo ilikuwa ikikua taratibu ndani ya njia ile nyembamba ambayo hewa yote ya mtu hupitia. Ilimkamata Dar es Salaam alikokwenda kumsalimia mwanawe: usiku mmoja kila akivuta pumzi inatoa mlio, mbavu zinabonyea ndani, jasho linamtiririka. Walimwingiza chumba cha upasuaji usiku uleule wakamtoboa shingo ili apate pa kupumulia.

Huwa ni hivyo kwa wengi. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, waliwahi kuwapitia wagonjwa wao waliotobolewa shingo kwa miaka kumi, watu 214, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Takriban wanane katika kila kumi walifanyiwa kwa dharura, na karibu mmoja katika watano alipata tatizo baada ya kuwekewa bomba. Ni mara chache mtu kupanga kutobolewa shingo. Anaamka tayari analo, sauti imekwenda, na jamaa zake wana siku chache tu za kujifunza kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Kinachopaswa kueleweka kabla ya yote ni kazi ya pua, na Madimba ni rahisi kuieleza. Gesi ya Mnazi Bay haitoki kisimani ikaingia moja kwa moja kwenye bomba la kwenda Dar es Salaam. Tangu 2015 inapitishwa kwanza kiwandani hapo Madimba, inatolewa maji na uchafu, ndipo inasukumwa. Pua na koo ndizo kiwanda cha hewa ya mwili, ila upande wa maji zinafanya kinyume: hewa kavu zinailowesha, ya baridi zinaipasha joto, yenye vumbi zinaichuja. Ukitoboa shingo umekiruka kiwanda. Hewa inaingia kifuani kavu, baridi, na vumbi lake lote. Kifua kinajibu kwa kutoa makohozi mengi, na makohozi yale yakipigwa na hewa kavu yanagandana kwenye kuta za bomba, utando juu ya utando, mpaka tundu la kupitisha penseli linabaki la kupitisha njiti ya kiberiti. Taabu nyingi za bomba hili chanzo chake ni hicho.

Ndiyo maana mabomba mengi yana sehemu mbili. La nje linakaa shingoni, limefungwa kwa utepe. La ndani linaingia ndani ya lile la nje na linachomolewa wakati wowote kusafishwa. Kwenye mabomba ya chuma umbo hilo lilienea duniani kutokana na kazi ya daktari Mmarekani Chevalier Jackson, mwanzoni mwa karne ya 20, na bado linatumika kwa sababu halijapatikana wazo jepesi zaidi: uchafu ukijaa unachomoa la ndani, mgonjwa anapumua kwa la nje, unaosha, unarudisha.

Mzee aliwekewa la chuma kwanza. Mkewe alifundishwa wodini, akajua. Lishike la nje kwa vidole viwili lisicheze. Lizungushe la ndani mpaka lifunguke, livute kwa kufuata mkunjo wake. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, pitisha brashi nyembamba, lisuuze, lichemshe, likauke, lirudishe, hakikisha limejifunga. Mara tatu kwa siku, na usiku pia kukiwa na haja. Alikuwa na mkono mzuri, manesi walimsifu.

Kabla ya mionzi ya kutibu saratani wakambadilishia la plastiki, maana chuma shingoni huvuruga mionzi na kuunguza ngozi iliyo karibu nacho. Siku hiyo maelekezo yalitolewa upya, lakini alipewa mgonjwa peke yake. Mke alikuwa kwenye foleni ya dawa. Na mgonjwa asiye na sauti hawezi kumsimulia mkewe kila alichoambiwa. Aliandika kwenye daftari: “Hili jipya ni jepesi.” Kwamba mabomba mengi ya plastiki hayachemshwi, hakuandika.

Walirudi Madimba mwishoni mwa mwezi wa sita. Mkewe akalitia la ndani kwenye sufuria kama alivyozoea. Lilipotoka kwenye maji ya moto lilikuwa limelegea, na lilipopoa likawa limeshika mkunjo mpya. Ukiliweka mezani huoni tofauti. Liliingia kwa kusukumwa, likakataa kuzunguka hadi kujifunga, na jioni alipotaka kulitoa likagoma. Alivuta kidogo, mumewe akakunja uso, akaacha. Hakumwambia mtu. Vitu vya hospitali vina bei, na yeye ndiye aliyekabidhiwa. Kesho yake akajaribu tena. Keshokutwa hakujaribu.

Kulichemsha si jambo la kumlaumu nalo mama wa watu. Alifanya alichofundishwa, kwa bomba ambalo silo. Kilichogharimu ni ule ukimya. Simu moja wodini ingetosha, na jibu lake linajulikana: mleteni, abadilishiwe. Lakini aibu ya kuharibu kitu cha hospitali ni nzito kuliko watu wa hospitali wanavyofikiri, na wanaofundisha jamaa za wagonjwa wangefanya vizuri kusema mapema, bila kuulizwa, kwamba bomba huharibika na kwamba hakuna atakayegombezwa.

Siku ya nne ukaja msiba Mahurunga, wa upande wake mama, wa kwenda lazima. Akamwita mpwa wa mumewe, kijana aliyekuwa akilala pale kumsaidia mjomba wake.

“Mwanangu, lile la ndani msiliguse, limekaza. Nikirudi nitalishughulikia mwenyewe.”

“Haya mama. Na kile kitambaa?”

“Kiloweshe kidogo, kisiwe kinachuruzika. Kikikauka tu, tena.”

Akaondoka. Bomba la akiba lilikuwa sandukuni, na ufunguo wa sanduku ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Kitambaa alichouliza kijana ni kipande cha pamba nyepesi, kinaning'inizwa mbele ya bomba. Kikiwa na unyevu, hewa inapita humo ikapata maji na kuacha vumbi. Ndiyo pua ya bei nafuu kuliko zote. Lakini wageni walipoanza kumiminika kumjulia hali mgonjwa, mzee aliona haya tundu lake lisije likawatisha watoto, akaomba skafu. Kijana akamfunga skafu nzito, ya sufu, mizunguko miwili. Ilikuwa kavu, nywele zake zinanyonyoka, na ilizuia hewa nusu. Si mbaya kujisitiri. Hata hospitalini wapo wanaoshona vitambaa vizuri vya kufunika shingo. Ila kinachofunika kiwe chepesi, kisichonyonyoka, na kisibane.

Asubuhi iliyofuata jirani akapuliza. Hakujua, hakuambiwa, na upepo wa kusi ukauleta unga wote barazani alikokaa mzee akiota jua. Kwa aliyejifunga kitambaa puani ilikuwa kero. Kwake yeye salfa iliingia moja kwa moja kwenye njia ya hewa iliyokuwa bado imekauka kwa mionzi. Alikohoa mpaka machozi. Mchana kutwa makohozi yalitoka mazito, ya manjano, yamebeba nyuzi za damu. Kijana akayafuta kwa karatasi laini, akamletea uji. Usiku yalitoka mafundo magumu ya rangi ya kahawia, yenye umbo la ndani ya bomba. Ile ilikuwa barua, angekuwepo wa kuisoma: yaliyotoka na umbo la bomba yalikuwa yamelivaa bomba, na yaliyobaki bado yamelivaa.

Siku ya pili, adhuhuri, kikohozi kikakoma.

Nyumba nzima ilifurahi. Jirani mwenyewe, aliyekwisha kuja kuomba radhi, akasema Mungu mkubwa. Kijana akampigia mama simu Mahurunga: mjomba amepata nafuu, leo hakohoi. Jioni mjukuu wa darasa la sita, aliyekuwa akifanya hesabu zake karibu na kitanda, akasema, “Babu anapiga mluzi.” Wakacheka.

Hapo ndipo ningependa msomaji asimame. Bomba lililo wazi halina sauti. Ukiweka kiganja mbele yake unahisi pumzi yenye nguvu, yenye joto, na husikii kitu. Likianza kutoa mluzi, limekuwa jembamba. Likitoa sauti ya maji yanayotokota, kuna makohozi mepesi yanayohitaji kufyonzwa au kukoholewa. Likitoa mkwaruzo, kuna ganda linalocheza. Na kikohozi kinachokoma ghafla kwa mtu aliyekuwa akikohoa sana si nafuu mpaka ithibitike ni nafuu. Ili makohozi yatoke lazima pumzi iyasukume; njia ikiwa nyembamba msukumo haupo. Makohozi hayajaisha, yamekosa pa kutokea.

Mzee alikuwa anajua. Tangu alasiri hakutaka kulala chali. Alikaa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, na kila akivuta pumzi kile kibonde kilichopo juu ya mfupa wa kifua kilikuwa kinadidimia. Uji hakuumaliza. Alianza kuhangaika, mara avue shati, mara alivae, na watu wakasema ni ukali wa ugonjwa. Mwili unaopungukiwa hewa huanza kwa kutotulia. Kutulia, kusinzia, midomo na kucha kugeuka rangi ya majivu, hayo yanakuja mwishoni, na wakati huo dakika zinahesabika.

Usiku wa manane alipiga kijiko kwenye chuma cha kitanda. Kijana akaamka, akawasha taa ya simu, akamwona mjomba wake macho yamemtoka, mkono uko shingoni unavuta bomba. Akapiga kelele. Watu wakajaa chumbani.

Walichofanya kinafanywa kila mahali. Wawili walimshika mikono kwa nguvu, kwa sababu “anataka kulitoa”. Mmoja alimlaza chali. Bibi wa jirani alileta maji, akataka kumnywesha kidogo kidogo, na mwingine akampaka dawa ya kifua puani, pua ambayo ilikuwa haina kazi tena. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwa mtu yeyote mle ndani. Lakini mtu pekee aliyejua tatizo lilipo alikuwa mgonjwa, na ndiye waliyemfunga mikono.

Kijana alipiga simu Mahurunga. Mama akapokea mara moja. Usingizi wa matangani hauna kina.

“Hapumui, mama. Analivuta bomba.”

“Mwachieni mikono! Litoe la ndani.”

“Umesema tusiliguse.”

“Litoe!”

Alilizungusha, halikuzunguka. Alilivuta, halikuja. Kwenye simu kukawa kimya kidogo, kisha mama akasema kwa sauti ambayo kijana hakuwahi kuisikia: “Nililiharibu mimi, nililichemsha. Kata utepe. Toa yote mawili.”

Jambo hilo linatisha kulifikiria, na ndilo sahihi. Bomba lililoziba kabisa, ambalo la ndani halitoki na mpira wa kufyonza haupiti, halimsaidii mgonjwa kwa lolote, ni kizibo. Kilichokuwa kinampa mzee hewa ni lile tundu. Bomba lilikuwa linalishikilia tu. Tundu lake lilikuwa na umri wa miezi minne, limeshajenga kuta, haliwezi kufumba kwa dakika. Ingekuwa wiki ya kwanza baada ya upasuaji ningeandika kwa namna nyingine, kwa sababu wiki hiyo nyama za shingo bado hazijashikana, bomba likitoka zinafunikana, na anayelirudisha kwa kubahatisha anaweza kulisukuma pembeni ya njia ya hewa. Ndiyo sababu siku za mwanzo mgonjwa hukaa wodini karibu na watu wenye ujuzi na vifaa, na jamaa wanaomwombea ruhusa mapema kwa sababu ya gharama wajue wanaomba nini.

Kijana alikata utepe kwa mkasi wa shule wa yule mtoto. Akalivuta bomba kuelekea chini, kufuata mkunjo. Likatoka na donge jeusi lenye manjano limening'inia mwishoni, refu kama pingili ya kidole. Hewa ikaingia kwa mshindo, kikafuata kikohozi kilichorusha mengine ukutani. Mzee akavuta pumzi, akavuta nyingine.

Na hapo nusura wamuue mara ya pili. Kuona shimo shingoni mwa mtu aliye hai, jekundu, linalofunguka na kufumba, ni jambo ambalo macho hayalizoei, na mtu mwenye huruma hukimbilia kulifunika. Bibi wa jirani alikuwa ameshakunja kanga anataka kuibonyeza pale. Mama alisikika kwenye simu akipiga ukelele, “Msizibe! Hapo ndipo anapopumulia!” Kanga ikatumika kufuta pembeni tu.

Sanduku walilivunja kwa shoka. Ndani mlikuwa na bomba la akiba ndani ya mfuko wake, na hapakuwa na aliyewahi kuona linavyowekwa. Wakafanya busara, hawakujaribu. Mzee alikuwa anapumua kwa tundu. Walimkalisha, shingo imenyooka, wakapata gari dogo la abiria la jirani, wakabeba la akiba na lile lililotolewa, wakashika njia ya Mtwara mjini.

Njiani kikatokea kitu ambacho nimekisikia kwa watu wengi kikisimuliwa kwa furaha. Mzee alisema. Kwa ile sauti yake ya zamani ya kukwaruza, iliyopotea tangu Dar es Salaam, alisema “maji”. Dereva akashukuru Mungu kwa sauti, mmoja akatokwa machozi. Sauti hutoka hewa inapopita juu, kwenye koromeo. Kwa mgonjwa ambaye bomba lake limechomoka, au limetoka nusu na kukaa nje ya njia ya hewa bila mtu kujua, sauti inayorudi ghafla ni dalili kwamba hewa imeacha njia iliyotengenezewa. Kwa mtoto mchanga dalili ni hiyohiyo: aliyekuwa analia bila sauti, ukisikia analia kwa sauti, angalia shingo kwanza. Wapo wagonjwa wanaozungumza vizuri na bomba lao, kwa kifuniko maalumu walichopewa na daktari. Hao ni kisa kingine, na kifuniko hicho hakivaliwi kamwe kwenye bomba lenye puto la kuzibia kandokando yake likiwa limejazwa, maana hewa ingeingia ikose pa kutokea.

Hospitalini la akiba la saizi ileile halikuingia. Tundu lilikuwa limeshajikunja kwa saa zile chache. Daktari akaweka la saizi moja chini, akaliacha. Ndiyo maana wataalamu husema akiba ziwe mbili: moja saizi yake, nyingine ndogo kidogo. Na ndiyo maana nasema sanduku si mahali pake. Vinakaa kwenye mfuko mmoja kando ya kitanda, na mfuko unakwenda anakokwenda mgonjwa, hata kama ni msikitini: mabomba mawili, utepe, mkasi, vitambaa safi, brashi, mpira wa kufyonzea na kifaa chake.

Kufyonza nako kuna adabu yake, na mashine inayokanyagwa kwa mguu inafaa sana mahali umeme unapokatika. Mpira usizidi nusu ya upana wa bomba. Unaingizwa bila kufyonza, kwa urefu wa bomba na si kuchimba kifua, kisha unafyonza ukiwa unatoa, sekunde kumi zimekwisha. Anayefyonza abane pumzi zake mwenyewe. Akisikia kiu ya hewa, ajue na mgonjwa anayo.

Nesi wa zamu, mwanamke wa makamo, aliwaketisha wote wanne kwenye benchi, dereva akiwemo, akawauliza nani anajua kumsaidia huyu mzee. Wote wakasema mkewe. Akasema basi mzee alikuwa na mlinzi mmoja, na mlinzi huyo ana misiba, ana shamba, ana usingizi. Akawafundisha kila mmoja kwa mkono wake, kwenye bomba lililotolewa. Utepe ufungwe hivi: kidole kimoja kipite chini yake, kikipita kwa shida umebana mno, vikipita zaidi ya viwili linaweza kuchomoka akikohoa. Utepe ukibadilishwa wawe wawili, mmoja ameshika bomba. Ikitokea tena: iteni watu, toeni chochote kilicho mbele ya bomba, skafu, kifuniko, chochote, toeni la ndani, fyonzeni, ikishindikana toeni lote. Akiacha kupumua, mdomo na pua zake zibaneni, pumzi mpulizieni shingoni. Dereva aliuliza kama si mdomoni, kama alivyofundishwa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Nesi akamwambia huko juu njia imebanwa.

Aliwatajia na mengine kwa haraka. Damu ya nyuzi baada ya kufyonza haishangazi. Damu mbichi, hata kijiko kimoja kilichokatika chenyewe, hasa wiki za mwanzo, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, kwani inaweza kutangulia kubwa. Chai au uji vikionekana kwenye bomba akikohoa, chakula kinapotea njia. Wekundu, usaha na harufu mbaya kuzunguka tundu ni maambukizi. Nzi wafukuzwe, maana hutaga kwenye jeraha lenye unyevu. Kuoga ni maji chini ya kifua, na mtumbwi asahau, kwa kuwa anayeanguka majini na tundu shingoni maji hayamsubiri azame.

Yasidhaniwe haya ni ya vijijini peke yake. Uingereza, kwenye hospitali zenye mashine za kila aina, ukaguzi mkubwa wa ajali za njia ya hewa uliotolewa 2011 ulikuta mabomba ya shingoni yaliyochomoka yakiwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo na madhara kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Mwaka uliofuata wataalamu wa huko walitoa mwongozo unaoambatana na karatasi ya kubandika juu ya kitanda, ya kijani kwa mgonjwa ambaye njia ya juu bado ipo, nyekundu kwa aliyeondolewa koromeo lote, ili anayekimbilia kuokoa asipoteze muda kuuliza. Karatasi na kalamu hata Madimba vipo.

Ya mzee iliandikwa na mjukuu, kwa kalamu ya buluu, ikabandikwa juu ya kitanda: tarehe aliyotobolewa, saizi ya bomba, “hewa ya juu haipiti vizuri”, “la plastiki lisichemshwe”, namba ya simu ya wodi. Kengele ya baiskeli ilifungwa kwenye chuma cha kitanda, mahali kilipokuwa kijiko. Jirani naye alikubali kutoa taarifa siku moja kabla ya kupuliza, na asubuhi hiyo mzee hupelekwa kwa dada yake Mikindani mpaka unga utulie. Mwaka huu alilalamika kwamba dada yake hajui kupika mihogo. Bomba dogo la akiba limepatikana. La ndani la ziada bado. Duka la dawa mjini halikuwa na saizi yake, na kijana ameagiza kwa kondakta wa basi la Dar es Salaam, akampa lile lililopinda kama sampuli, limefungwa kwenye mfuko na karatasi imeandikwa: hili ni bovu, usilirudishe.